Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutembelea makanisa na monasteri za kale za Salzburg

Ndugu na marafiki wakija huku Austria huwa nawazungusha mwenyewe, na maswali ni yale yale kila mwaka, kwenye simu, kwenye grupu, mpaka stesheni wakishuka tu. Nimeyaweka hapa pamoja. Nimeanza na ya msingi, yale ya watu wenye mahitaji tofauti yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Salzburg ni wapi na kwanini kamji kadogo hivi kana makanisa mengi hivyo?

Iko Austria, kwenye mpaka na Ujerumani kabisa, pale milima ya Alps inapoanza kuinuka. Mto Salzach unapita katikati, upande mmoja kuna mlima Mönchsberg yaani mlima wa wamonaki, upande wa pili Kapuzinerberg, mlima wa Wakapuchini, kwahiyo hata milima yenyewe ina majina ya watawa. Salz ni chumvi, na chumvi ndiyo iliyoleta hela, ilichimbwa milimani huko karibu na Hallein ikashushwa kwa mashua mtoni.

Alafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: mpaka mwaka 1803 mtawala wa hapa alikuwa askofu mkuu mwenyewe. Sio kwamba alikuwa rafiki wa mfalme, hapana, yeye ndiye alikuwa mwenye kodi, mwenye mahakama, mwenye askari, na asubuhi anasoma misa. Mtu wa namna hiyo akiwa na hela ya chumvi na akapenda ya Roma anajenga kanisa, anayekuja baada yake naye anataka lake. Ukilijua hili mji mzima unaanza kueleweka.

2. Nina siku moja tu, niende wapi?

Asubuhi kanisa kuu (wenyewe wanaliita Dom), ukitoka hapo Franziskanerkirche ni dakika mbili kwa mguu, alafu monasteri ya St. Peter na makaburi yake, ule, upumzike, jioni upande kilimani kwa masista wa Nonnberg kwa masifu. Basi. Manne. Kuna watu wanakuja na listi ya makanisa kumi na mbili na wanayamaliza kweli, jioni ukimuuliza lipi lilikuwa na dari jeupe hajui, yote yamekuwa kitu kimoja kwenye simu yake. Bora manne na ukae kwenye benchi dakika ishirini kila moja bila kufanya chochote, macho yanazoea giza na vitu vinaanza kujitokeza vyenyewe.

3. Kuna kiingilio?

Mengi ni bure. Dom walianza kutoza watalii mwaka 2022, euro 5 kwa mtu mzima, walio chini ya miaka 18 hawalipi, na anayekuja kusali au kwenye misa halipi. Hiyo hela inaenda kwenye matengenezo. Mapango ya St. Peter (swali la 9) nayo yana tiketi yake ndogo. Ukichukua ile kadi ya watalii ya mji, Salzburg Card, vingi vimo humo pamoja na mabasi, hivyo piga hesabu kwanza kama utaingia na sehemu nyingine kama ngome ya juu mlimani.

Ila kanisa kuwa bure sio kwamba halina gharama. Kuna kisanduku mlangoni, tia sarafu. Tembea na sarafu mfukoni siku nzima maana mishumaa pia inalipiwa kwa kuangusha sarafu na hakuna wa kukurudishia chenji.

4. Yanafunguliwa saa ngapi?

Inategemea msimu, kwahiyo soma kibao cha mlangoni siku hiyo hiyo. Kwa ujumla asubuhi mpaka jioni, na majira ya baridi wanafunga mapema. Jumapili asubuhi usihesabu kutembea tembea kwenye Dom, ni muda wa ibada.

Angalizo moja ambalo limewakosesha watu misa: kibao kikiandika 10.00 ni saa nne asubuhi ya kwetu, na 17.00 ni saa kumi na moja jioni. Wajomba zangu wawili walifika Dom saa kumi kamili ya alasiri wamevaa suti wakaambiwa misa iliisha zamani.

5. Nafikaje?

Treni. Kutoka Vienna ni kama masaa mawili na nusu, kutoka Munich chini ya mawili. Visa ni ile ya Schengen ya kawaida. Kutoka stesheni unaweza kutembea mpaka mji wa kale, ukifika mtoni tu unayaona makuba ya kijani upande wa pili.

## Kanisa moja moja

6. Dom, kwanini milango imeandikwa 774, 1628 na 1959?

Hapo ndipo ningependa kila mtu aanzie, kabla hata hajaingia. Hiyo ni miaka ambayo kanisa hili liliwekwa wakfu, mara tatu. La kwanza ni la mwaka 774, la askofu Virgil aliyetoka Ireland. Likaungua, likajengwa, likaungua tena, na moto wa mwaka 1598 ulimkuta askofu mkuu Wolf Dietrich von Raitenau akiwa na ndoto kubwa za kujenga kama Roma, akabomoa yaliyobaki. Yeye mwenyewe hakuliona jipya, alipinduliwa na kufia kifungoni kwenye ngome ile unayoiona juu. Msanifu Santino Solari, Muitaliano, ndiye aliyejenga hili lililopo, jiwe la msingi 1614, likafunguliwa 1628 huku Ulaya ikiwa katikati ya vita vya miaka thelathini.

Na 1959? Tarehe 16 Oktoba 1944 bomu lilipiga kuba likaanguka ndani. Kukarabati kulichukua mpaka 1959. Ukisimama chini ya kuba ukaangalia juu, kumbuka kwamba hapo palikuwa na mbingu tupu.

Milango yenyewe ni ya shaba, mitatu, Imani, Mapendo na Matumaini, kazi ya wachongaji watatu wa karne ya 20. Nje kuna sanamu nne kubwa: Petro na Paulo katikati, na pembeni Virgil na Rupert, yule mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya St. Peter (swali la 8). Rupert utamtambua kwa pipa lake la chumvi.

7. Ni kweli Mozart, yule mtunzi wa muziki, alibatizwa humo?

Ndiyo, tarehe 28 Januari 1756, siku moja tu baada ya kuzaliwa. Birika la ubatizo lipo mpaka leo, upande wa kushoto ukiingia, la shaba, la mwaka 1321, limekaa juu ya simba wanne ambao ni wa kale kuliko lenyewe. Baadaye Mozart alikuwa mpiga kinanda wa kanisa hili kuanzia 1779, akagombana na askofu mkuu Colloredo akaenda zake Vienna 1781.

Mimi lakini kwenye birika hilo huwa namuwaza mwingine. Mwaka 1792 alibatizwa hapo Joseph Mohr, mama yake fundi maskini wa kufuma soksi, hajaolewa, baba mwanajeshi aliyetoroka jeshini, na aliyeandikwa kuwa msimamizi wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa mji maana watoto wa hali ile hawakuwa wanapata wasimamizi wengine. Mtoto huyo akawa padri na ndiye aliyeandika maneno ya ule wimbo wa Krismasi wa usiku mtakatifu, ulioimbwa mara ya kwanza 1818 pale Oberndorf, mwendo mfupi kutoka Salzburg, na leo unaimbwa mpaka kwenye vigango vyetu ambavyo havina hata umeme. Mtoto wa mwenye jina na mtoto wa mtu asiye na jina, maji ya birika moja.

8. Monasteri ya St. Peter ina nini cha pekee?

Umri, kwanza. Rupert aliianzisha mwaka 696 na wamonaki Wabenediktini wapo mpaka leo, hakuna monasteri nyingine kwenye nchi zinazoongea Kijerumani iliyodumu hivyo bila kukatika. Kwa anayetoka kusini mwa Tanzania hili linagusa kwa namna yake, maana Wabenediktini ndio wa Peramiho na Ndanda, wale walitokea Bavaria hapo jirani, kanuni ni ile ile ya Mtakatifu Benedikto, kengele za masifu ni zile zile.

Kanisa lao ni la 1147 ila ndani karne ya 18 walilipamba upya, hivyo unaingia kwenye mlango wa mawe mazito wa kale alafu ghafla kijani, dhahabu na michoro. Kaburi la Rupert lipo humo. Na hapo, tarehe 26 Oktoba 1783, ndipo iliposikika ile misa kubwa ya Mozart aliyoiacha bila kuimalizia, mke wake Constanze akiimba sauti ya juu.

Usiondoke bila kupita kwenye duka la mkate. Liko upande wa makaburi, unashuka ngazi chache, nje gurudumu la mti linazungushwa na maji. Hayo maji yanatoka kwenye mfereji wa Almkanal, ambao karne ya 12 watu walitoboa mlima Mönchsberg kwa mikono kuyapitisha. Ndani wanaoka kwa kuni, mkate mweusi, mzito, wa chachu, wenye ganda gumu, unauzwa kwa uzito. Ukiwahi asubuhi unaupata bado una moto, unaubeba kifuani kama mtoto, na harufu inakufuata mpaka kanisani.

9. Yale mapango ya makaburini, kuna maiti?

Hapana, watu wanasikia neno katakombe wanafikiri mafuvu. Ni vyumba na vikanisa vidogo vilivyochongwa kwenye mwamba, huenda vilianza kama mahali pa wakaapweke kusali, na kimoja kiliwekwa wakfu mwaka 1178 kwa heshima ya Thomas Becket, askofu wa Uingereza aliyekuwa ameuawa miaka minane tu kabla. Ngazi ni nyembamba, zimelika katikati, dari liko chini, mrefu atajigonga. Kupanda ni kama unapanda ndani ya mlima wenyewe, alafu kuna dirisha na mji wote uko chini yako.

Maiti wako nje makaburini, na hapo naomba tutulie. Ni makaburi ya watu, ya familia zinazokuja kumwagilia maua Jumamosi. Misalaba ni ya chuma kilichofuliwa, kila mmoja tofauti. Dada yake Mozart, Nannerl, kalazwa hapo. Nimeshuhudia watalii wamekaa juu ya kaburi wanakula aiskrimu huku mama mmoja amesimama pembeni na ndoo ya maji anasubiri waondoke ili amwagilie la mume wake, hakusema neno. Tusiwe sisi.

10. Nonnberg si ndiko kwenye ile filamu ya muziki ya yule mtawa na watoto saba, The Sound of Music?

Ndiko. Maria halisi alikuwa mtarajiwa hapo, na harusi yake na Georg von Trapp ilifungwa kweli hapo Nonnberg mwaka 1927. Filamu ya 1965 ilipiga picha kwenye geti lao, ila harusi ya kwenye filamu ni kanisa la Mondsee, mji mwingine.

Lakini naomba usipande kwa ajili ya geti tu. Nyumba hii ilianzishwa na Rupert karibu mwaka 714, mama mkuu wa kwanza Erentrudis, ndugu yake, na tangu hapo masista hawajakatika. Miaka elfu moja na mia tatu wanawake wanaamka kusali juu ya kilima kile kile. Kanisa la sasa ni la baada ya moto wa 1423, na chini ya sehemu ya kwaya kuna michoro ya watakatifu ya karne ya 12, nyuso kubwa, macho yamefunguka kabisa.

Nenda jioni kwa masifu. Mara ya kwanza nilimpeleka shangazi yangu, ilikuwa Januari, ngazi zina barafu, tunashikana mikono, ndani taa moja tu inawaka mbele na sisi tupo watu watano. Tukakaa tukiangalia altare tukingoja masista waingie. Hawakuingia. Sauti zikaanza nyuma yetu, juu, maana kwaya yao iko juu ya mlango wa kuingilia na huwaoni hata ugeuke vipi. Kilatini, polepole, sauti za wazee nyingine zinatetemeka, wanapokezana upande na upande. Shangazi Kilatini hajui lakini zaburi anazijua, akaanza kunong'ona ya kwake kwa Kiswahili, na alipokosea mstari alirudia. Hatukupiga picha hata moja siku ile.

Wageni wanaruhusiwa kuona kanisa tu, ndani ya nyumba yao hakuingiliki. Kuhusu kupanda kilima, ona swali la 22.

11. Franziskanerkirche mbona giza?

Hilo giza ndilo lenyewe. Ingia kwa mlango wa mbele, tembea katikati taratibu. Sehemu ya kwanza ni ya karne ya 13, mawe mazito, kuta nene, mwanga kidogo sana. Alafu unafika mbele na ghafla paa linaruka, nguzo nyembamba ndefu zinafunguka juu kama minazi, mwanga unamwagika. Hiyo ni sehemu ya Gothiki, ilianza 1408 na fundi Hans von Burghausen. Wamejenga vizazi tofauti lakini ukitembea unahisi kama walikubaliana kukutoa gizani kukupeleka kwenye mwanga.

Katikati ya altare kubwa ya dhahabu kuna Bikira Maria wa mbao, kazi ya Michael Pacher mwishoni mwa karne ya 15. Yeye ni mkongwe kuliko altare inayomzunguka kwa miaka mia mbili hivi, hiyo ni ya msanifu Fischer von Erlach, 1709.

Konventi ya pembeni ina historia nzito, mwaka 1938 wafransisko walifukuzwa na polisi wa siri wa Hitler wakaifanya makao yao mpaka 1945. Ukipita hapo, hata kimya ni sala.

12. Lile kanisa jeupe sokoni?

Kollegienkirche, la chuo kikuu, Fischer von Erlach tena, 1694 mpaka 1707. Nje pale mbele ni soko la mboga, jibini na soseji, kelele tupu, unafungua mlango ndani ni jeupe lote na urefu wa kukufanya ushuke sauti bila kuambiwa. Angalia nyuma ya altare juu, mawingu ya chokaa na malaika wamepanda mpaka dirishani, mwanga halisi unapita katikati yao. Kwangu ndilo zuri kuliko yote mjini, na nimebishana na watu juu ya hili sana.

13. Kuna lolote ng'ambo ya mto?

Lipo, na watu ni wachache zaidi. Kanisa la St. Sebastian barabara ya Linzergasse lina makaburi yaliyozungushiwa baraza kama Italia, katikati kuna kaburi la Wolf Dietrich (yule wa swali la 6) lenye vigae vya rangi ndani, na hapo hapo kalazwa Paracelsus, daktari maarufu aliyefariki 1541, na baba yake Mozart, na Constanze. Ukipanda Kapuzinerberg unapita vituo vya njia ya msalaba mpaka kwa Wakapuchini. Na nje ya mji kaskazini, juu ya kilima, kuna basilika ya hija ya Maria Plain ya 1671 mpaka 1674, ukienda asubuhi wakati ukungu unatoka mji unaonekana kidogo kidogo.

14. Ni kweli kuna watawa wanaouza bia?

Pale mtaa wa Mülln wamonaki Waagustino walianza kupika bia mwaka 1621. Wenyewe hawapo tena, sasa mali hiyo inahusiana na Wabenediktini wa Michaelbeuern, lakini kiwanda na ukumbi vipo. Unachukua kikombe cha udongo, unakisuuza mwenyewe kwenye maji ya bomba la mawe, unalipa, unamiminiwa kutoka kwenye pipa la mbao. Asiyekunywa anakaa na soda na chakula, hakuna anayemshangaa. Ila anzia kanisani pale juu, wengi wanalipita tu, na ni zuri.

## Adabu na mavazi

15. Nivaeje?

Mabega na magoti yafunikwe, basi. Khanga moja kwenye mkoba inatatua kila kitu, jua, baridi, mabega, mpaka benchi lenye unyevu. Wanaume vueni kofia mkiingia. Wanawake hawahitaji kufunika kichwa, anayependa afunike.

16. Picha?

Bila flashi, bila vijiti, bila kuongea na simu, na kamwe wakati wa ibada. Nonnberg ukimuona sista anapita usimuelekezee simu, ni mama wa watu yuko nyumbani kwake.

17. Naweza kuingia misani hata sielewi Kijerumani?

Ingia. Mpangilio ni ule ule unaoujua, utajua ni Utukufu au ni Mtakatifu kwa kusikia tu. Jumapili saa nne asubuhi kwenye Dom mara nyingi misa inaimbwa na kwaya na okestra, Haydn, Mozart, muziki uliotungwa kwa ajili ya kuta zile zile. Sio tamasha, hakuna tiketi, na watu hawapigi makofi katikati. Kuwahi ni muhimu. Ukiingia usitoke kabla ya mwisho, kama una treni kaa nyuma pembeni.

Usishangae kwamba watu wamenyamaza. Hakuna vigelegele, hakuna ngoma, kutoa sadaka kunapitishwa kikapu tu mtu hainuki. Mwanzoni niliona ubaridi, siku hizi nimejifunza kwamba ndivyo wanavyoinama.

18. Komunyo?

Mkatoliki aliye tayari apokee kama kwao. Wengine bakini mmekaa, hakuna anayewaangalia. Usipange foleni kwa sababu tu wengine wamesimama.

19. Mishumaa naweza kuwasha ya mtu aliye nyumbani?

Ndiyo jamani, ndiyo kazi yake. Watu wengi wananituma, "niwashie ya mama". Tia sarafu, washa kutoka kwenye mwingine unaowaka, usizime wa mtu kupata nafasi.

## Hali maalum

20. Mimi ni Muislamu, nitaonekanaje?

Utaonekana mgeni aliyekuja kuangalia, kama wengi walio humo. Hakuna anayeuliza dini mlangoni, na hijabu haina shida. Sio lazima kugusa maji ya baraka wala kupiga goti, kaa nyuma, tazama. Rafiki yangu wa Unguja fundi wa kuchonga milango alikaa saa nzima kwa St. Peter anaangalia chuma cha geti jinsi kilivyosokotwa, akaniambia huyu fundi alikuwa hana haraka.

21. Mimi ni Mlutheri, nimesikia Salzburg iliwafukuza wenzetu?

Umesikia kweli, na ni vizuri kulijua ukiwa hapo. Tarehe 31 Oktoba 1731 askofu mkuu Firmian alitoa amri Waprotestanti waondoke, wasio na ardhi walipewa siku chache tu, na majira ya baridi yalikuwa yanaingia. Karibu watu 20,000 walitoka, wengi wakaishia Prussia. Kanisa la kwanza la Kiprotestanti mjini, Christuskirche, lilikuja kufunguliwa 1867, liko kando ya mto. Na mwaka 1966 askofu mkuu Andreas Rohracher aliomba msamaha hadharani. Mwenyekiti mmoja wa usharika wetu alipotembea huku alitaka aanzie Christuskirche kabla ya Dom, tukaanzia huko.

22. Nakuja na bibi, magoti yanamsumbua.

Dom, Franziskanerkirche na Kollegienkirche ni tambarare, hatasumbuka sana. Makaburi ya St. Peter anaweza, mapango asijaribu kabisa. Nonnberg ndiyo shida, ngazi za kutoka mtaa wa Kaigasse ni zaidi ya mia moja arobaini. Kuna njia isiyo na ngazi nyingi kupitia Festungsgasse lakini mteremko ni mkali. Kwa bibi mmoja tulipanda hatua kumi, tunapumzika, kumi, tunapumzika, ikachukua karibu saa, na akafika. Muulize yeye, usimuamulie.

23. Watoto?

Wape kazi. Wahesabu simba kwenye birika, wamtafute mzee mwenye pipa la chumvi, walisikilize gurudumu la maji la duka la mkate. Wakichoka toka nao nje, mwangwi wa mtoto anayelia kwenye Dom ni mkubwa mno.

24. Mwezi gani mzuri?

Julai na Agosti kuna tamasha kubwa la muziki na mbele ya Dom wanaweka majukwaa ya mchezo unaochezwa hapo tangu 1920, kuhusu tajiri anayefuatwa na kifo, kwahiyo uwanja hauonekani na bei za vyumba zinapaa. Mimi napenda Novemba. Tarehe mosi, Watakatifu Wote, makaburi yanajaa vitaa vyekundu. Baridi ni kali na makanisa mengi hayana joto, ndani kunaweza kuwa na baridi kuliko nje, vaa soksi mbili na buti zenye meno.

25. Naweza kulala monasterini au kuongea na mtawa?

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inasema mgeni apokelewe kama Kristo, hivyo nyumba nyingi zina vyumba vya wageni, hasa wanaokuja kutulia kiroho. Andika barua pepe mapema, jieleze ni nani na unataka nini, usitokee tu na begi. Kuongea na mtawa bila miadi ni bahati, ila ukikutana na mmonaki kwenye duka au sakristia msalimie, "Grüß Gott", maana yake Mungu akusalimu, ndiyo salamu ya kila mtu huku. Ukimwambia umetoka Tanzania kuna uwezekano mkubwa atataja Peramiho kabla yako.

26. Kuna chochote hapo kinachotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja?

Kipo, na wenyeji wengi nao hawakijui. Maria Theresia Ledóchowska, binti wa ukoo wa kifahari wa Kipoland, alikuwa mhudumu wa heshima kwenye jumba la kifalme hapo hapo karibu na Dom. Akasoma wito wa Kardinali Lavigerie wa kupinga biashara ya watumwa Afrika, akaacha maisha ya jumbani. Mwaka 1889 akaanzisha jarida la kuelezea Afrika, 1894 akaanzisha shirika la Mtakatifu Petro Klaver, na pale Maria Sorg, Bergheim, nje kidogo ya Salzburg, wakaweka mitambo wakachapa katekisimu na vitabu vya sala kwa lugha za Kiafrika, vikapakiwa meli. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alifariki Roma 1922, akatangazwa mwenyeheri 1975.

Kama kwenu kuna kitabu cha sala cha babu, kile cheusi kilicholika kingo, fungua kurasa za mwanzo uangalie kilichapwa wapi.